Shanta Mgongoni Baada ya Kustaafu

Mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 63, anayetumia dawa za shinikizo la damu kwa mwaka wa nane, anaingia kliniki na kumweleza daktari kwamba anakusudia kutembea kwa miguu siku nne kutoka Lushoto hadi Mtae, shanta mgongoni, pamoja na wenzake wawili wa rika lake. Jibu analolipata kwa kawaida ni fupi: "Mwalimu, umri huu ni wa kupumzika." Shinikizo linapimwa, dawa zile zile zinaandikwa, naye anarudi nyumbani kuketi barazani. Jibu hilo hutolewa kwa heshima na kwa nia njema. Kitabibu, hata hivyo, ni jibu dhaifu, na mara nyingine lina madhara.

Nguvu za mwili haziwekwi akiba kwa kutotumiwa. Misuli huanza kupungua katika umri wa kati, na kasi hiyo huongezeka baada ya miaka 60. Anayeketi kutwa huiharakisha zaidi. Habari njema ni kwamba misuli ya mzee bado husikia ikiitwa. Mwaka 1990 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya mazoezi ya kunyanyua uzito kwa wakazi dhaifu wa nyumba ya wazee, ambao wastani wa umri wao ulikuwa miaka 90. Katika muda wa wiki 8, nguvu za mapaja yao zilikuwa zimeongezeka zaidi ya maradufu. Ikiwa hao waliweza, ni vigumu kueleza kwa nini mtu wa miaka 63 aambiwe kwamba wakati wake umepita.

Emma Gatewood, mama wa watoto 11 kutoka Ohio, alikuwa na miaka 67 alipotembea peke yake mwaka 1955 njia ya milima ya Appalachia, takriban kilomita 3,300, akiwa na viatu vya raba na mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe. Husimuliwa mara chache kwamba mwaka uliotangulia alijaribu akashindwa: alipotea msituni na miwani yake ikavunjika. Alirudi nyumbani, kisha akaanza upya. Kwa mhudumu wa afya, jaribio lile la kwanza lina mafunzo mengi kuliko la pili.

Wapo wasemao kwamba kutembea na mzigo bila kulazimishwa ni mambo ya Wazungu. Hoja hiyo haina mashiko. Huko huko Usambara, bibi wa umri wa mwalimu huyu hupanda mteremko na kuni kichwani, wala hakuna daktari aliyemwambia apumzike. (Kwamba mzigo ule humuumiza shingo na magoti ni suala jingine, nalo linastahili makala yake.) Tena, wastaafu wengi wa leo si wageni wa shanta. Walilibeba Jeshi la Kujenga Taifa, enzi ambazo vijana waliomaliza kidato cha sita walipitia huko kwa lazima. Hatari ipo hapo hapo: kichwa hukumbuka nguvu za miaka 20, ilhali magoti yamekwisha kusahau.

Kwa hiyo swali linalofaa kliniki si kama mgonjwa aende au asiende. Daktari aulize anakwenda wapi, na mzigo gani, na dawa zipi. Swali la dawa ndilo lenye uzito mkubwa. Anayemeza dawa za kuongeza mkojo, kisha akatembea juani saa sita, anaweza kuishiwa maji na chumvi, akapata kizunguzungu ukingoni mwa genge. Atenololi huzuia moyo kwenda mbio, hivyo mgonjwa asipime juhudi kwa mapigo ya moyo. Apime kwa pumzi, akihakikisha kwamba bado anaweza kuzungumza huku akitembea. Mwenye kisukari anayetumia glibenklamaidi au insulini anaweza kushukiwa na sukari usiku, saa nyingi baada ya kutua mzigo. Insulini iliyoganda kwa baridi haifai tena kutumiwa.

Adui aliyejificha zaidi ni diklofenaki. Magoti yakiuma jioni ya siku ya pili, msafiri hununua vidonge dukani bila kufikiri. Dawa hiyo ikikutana na dawa ya kuongeza mkojo na dawa za shinikizo kama enalaprili au losatani, katika mwili uliokwisha kukauka, figo zinaweza kushindwa kazi. Onyo hilo huchukua nusu dakika kulitoa, na halihitaji kipimo chochote.

Kilimanjaro ni jambo tofauti na Usambara. Juu ya mita 2,500 ugonjwa wa mwinuko haubagui kijana wala mzee, na mazoezi hayaukingi. Kupita mita 3,000, kila usiku usiongeze kimo cha kulala kwa zaidi ya mita 500 hivi. Njia ya Marangu, ambayo kibanda cha Horombo kipo mita 3,720 na cha Kibo mita 4,700, hudai siku ya ziada hapo Horombo. Mstaafu asikubali kuipunguza ili kuokoa fedha, hata kama kiinua mgongo kimekwisha.

Maandalizi yaanze miezi mitatu kabla: shanta la kilo tatu, ngazi na vilima vya karibu, nusu saa siku tano kwa wiki, kisha uzito uongezwe polepole. Kushuka huumiza magoti kuliko kupanda, hivyo fimbo mbili si aibu. Mwenye kisukari akague nyayo zake kila jioni, kwani lengelenge asilolihisi laweza kuwa kidonda cha miezi.

Wapo wa kusubiri: mwenye maumivu ya kifua anapopanda ngazi, aliyepata kiharusi au mshtuko wa moyo hivi karibuni, na ambaye shinikizo lake bado halijadhibitiwa. Hao nao wasiambiwe "pumzika" tu, bali wapewe tarehe ya kurudi kliniki, na mpango wa mazoezi mepesi hadi siku hiyo.