Katuni za Kijapani: Chema Hakikujiuza

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Yamkini wengi wataitumia methali hii kueleza jinsi katuni za Kijapani zilivyoteka runinga za kigeni. Maelezo hayo hayatoshi. Katuni hizo hazikujiuza. Zilinadiwa na wafasiri.

Ni kweli kuwa gharama ilichangia. Osamu Tezuka alipoanza kuonyesha Tetsuwan Atomu nchini Japani mnamo Januari 1963, alipunguza idadi ya michoro ili kukabiliana na uhaba wa fedha na muda. Mwaka uo huo katuni hiyo ilifika Marekani, ikatiwa sauti za Kiingereza na kupewa jina Astro Boy. Hata hivyo, bei nafuu humvutia mwenye kituo. Haimkalishi mtoto mbele ya runinga.

Kinachomkalisha ni lugha. Katuni ya Grendizer, iliyotokana na ubunifu wa Go Nagai, ilianza kuonyeshwa Japani mwaka wa 1975. Mnamo 1978 iliingia Ufaransa kwa jina Goldorak, ikazungumza Kifaransa na kupendwa mno. Baadaye waigizaji wa Lebanoni, nchi iliyokuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, waliitia sauti za Kiarabu. Jihad al-Atrash alimsemea shujaa Duke Fleed, naye Sami Clark akaimba wimbo wa utangulizi. Shujaa huyo ni mwana wa mfalme aliyekimbia sayari yake baada ya kuangamizwa na wavamizi. Si muhali kung'amua kwa nini kisa hicho kiliwagusa watoto waliokulia katika milio ya bunduki.

Funzo kuu limo katika uteuzi wa lugha. Wafasiri hao hawakutumia lahaja ya Beirut, bali Kiarabu sanifu. Kwa hivyo, katuni moja iliweza kuvuka mipaka ya nchi nyingi za Kiarabu bila kufasiriwa upya.

Wapo wanaoshikilia kuwa lugha sanifu ni ya darasani na kwamba humchosha mtoto. Grendizer inawasuta. Mtoto hakimbii usanifu. Hukimbia usimulizi uliopooza. Wanagenzi wa Kiswahili wanaosomea tafsiri hawana budi kulizingatia hilo, kwani lugha isiyochezewa na watoto leo haitatetewa na watu wazima kesho.