Vifo Viwili vya Yuda na Kamba Isiyoandikwa

Yuda Iskariote anakufa mara mbili katika Agano Jipya. Katika Injili ya Mathayo (27:3-10) anajuta, anavitupa hekaluni vipande thelathini vya fedha, kisha anakwenda kujinyonga. Makuhani ndio wanaozitumia fedha hizo kununua shamba la mfinyanzi. Katika Matendo ya Mitume (1:18-19) Yuda hajuti wala harudishi chochote. Ananunua shamba yeye mwenyewe, anaanguka, anapasuka, na matumbo yake yanamwagika.

Kambi mbili zimeigombania tofauti hii kwa muda mrefu. Ya kwanza huishika kama ushahidi wa uongo. Ya pili hukimbilia kamba: Yuda alijinyonga, kamba ikakatika, akaanguka akapasuka, na kwa vile shamba lilinunuliwa kwa fedha zake, ni kana kwamba alilinunua mwenyewe. Wapinzani hawa hudhani wametengana kabisa, ilhali wote huisoma matini kama taarifa iliyoandikishwa katika kituo cha polisi.

Kwa mhakiki, kambi ya pili ndiyo yenye madhara zaidi, maana huharibu huku ikidai kuhifadhi. Kamba iliyokatika haimo katika Mathayo wala katika Matendo. Ni hadithi ya tatu, na mtunzi wake ni msomaji. Tafsiri ya Kilatini iitwayo Vulgata ilithubutu zaidi: pale ambapo Kigiriki cha Matendo kinasema kwamba Yuda alianguka kifudifudi, Kilatini kinasema kwamba alitundikwa. Matini ilibadilishwa ili isiwasumbue wasomaji wake.

Kinachopotea si kidogo. Masimulizi yote mawili yanaeleza asili ya jina Shamba la Damu, lakini damu yenyewe si moja. Kwa Mathayo ni damu ya Yesu. Yuda anakiri kwamba ameisaliti, makuhani wanakataa kuitia bei yake katika hazina, na katika sura iyo hiyo Pilato ananawa mikono. Hakuna anayetaka kubaki nayo. Hata kujinyonga kunamrejesha msomaji kwa Ahithofeli, mshauri aliyemgeuka Daudi na kufa vivyo hivyo (2 Samweli 17:23).

Katika Matendo, damu ni ya Yuda mwenyewe, nayo inamwagika juu ya ardhi aliyoinunua. Sura chache mbele, Barnaba anauza shamba na kuweka fedha miguuni pa mitume. Anania na Safira wanauza mali, wanaficha sehemu ya fedha, wanaanguka na kufa. Katika kitabu ambamo waumini huuza mashamba, msaliti ndiye anayenunua. Ikishaletwa kamba, usanii huu wote hutoweka, na kinachobaki ni maiti moja na swali la uimara wa kamba hiyo.

La kushangaza ni kwamba mwanafunzi anayejadili kwa utulivu tofauti za masimulizi ya Fumo Liyongo, akiuliza kila toleo linakusudia nini, huisahau stadi hiyo mara tu Biblia inapofunguliwa. Hudai kwamba ni heshima. Lakini heshima gani hii inayomnyamazisha Mathayo ili Luka asikike, au kinyume chake?

Augustino alikuwa mtetezi mkubwa wa upatanifu wa Injili, wala hakuona haya kuutetea. Hata hivyo, takriban mwaka 400, alipokabiliwa na Mathayo 27:9, ambapo Yeremia anatajwa kuwa msemaji wa unabii unaokaribiana zaidi na Zekaria 11:12-13, alijua kwamba baadhi ya nakala hazikuwa na jina la Yeremia. Kuzifuata nakala hizo kungemaliza ubishi. Alikataa, kwa kuwa nakala nyingi zaidi, na zile za Kigiriki zilizokuwa za kale zaidi, zilikuwa nalo, na hakuona sababu ya mtu yeyote kuliongeza.