Jani la artemisia siyo kidonge cha malaria

Chai ya artemisia imepata marafiki wengi mashariki mwa Kongo. Mtoto akishikwa na homa, jirani anashauri wachemshe majani, eti ndiyo dawa ileile ya kidonge. Siyo, na wakati wazazi wanangojea chai ifanye kazi, malaria inaendelea kupanda.

Ni kweli dawa ilitoka katika mmea huo. Mwaka 1972, huko China, kundi la Tu Youyou lilitoa artemisinini katika Artemisia annua, kazi iliyompatia Nobel mwaka 2015. Lakini artemisinini haiyeyuki vizuri katika maji wala katika mafuta. Kwa hiyo viwanda vinaitumia kama hatua ya katikati: kwa borohidridi ya sodiamu inageuzwa kuwa dihidroartemisinini, kutoka hapo, kwa methanoli inapatikana artemeteri, na kwa anhidridi ya suksiniki inapatikana artesunati, ile ya sindano kwa wagonjwa mahututi. Bukavu, muji uliotoa kinini katika maganda ya kinkina, haipashwi kushangazwa na umbali huo kati ya mti na dawa.

Ndani ya kikombe cha chai hakuna anayejua kipimo. Kuna mmea wenye karibu asilimia 1 ya artemisinini, na mwingine haufiki 0,1. Kipimo kidogo kinaacha vijidudu hai, na vile vyenye nguvu ndivyo vinavyobaki. Ndiyo sababu moja iliyofanya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, likatae kuunga mkono chai na unga wa mmea huo. Usugu wa sehemu kwa artemisinini umekwisha kuthibitishwa Rwanda na Uganda, hapa mpakani, na Kongo ni inchi ya pili duniani kwa wagonjwa wa malaria, nyuma ya Nigeria.

Kazi yenyewe siyo ya jikoni. Heksani inayotumiwa kuosha majani inawaka moto upesi, na kuivuta kwa miaka kunaharibu mishipa ya fahamu. Borohidridi ikiguswa na maji inatoa hidrojeni, gesi inayolipuka. Mfanyakazi anahitaji glavu, miwani, na hewa inayopita. Artemisinini nayo inabeba daraja la oksijeni mbili. Chuma kilicho ndani ya kijidudu ndicho kinachoifanya iue. Daraja hilo linaogopa joto, hivyo unga unawekwa mahali pakavu, pa baridi, pasipo mwanga.

Kiisha kazi hiyo yote, kidonge kinafika kwa mwuzaji wa barabarani, anakitembeza katika beseni juani kutwa nzima. Artemeteri na lumefantrini hazipashwi kuwekwa kwenye joto linalopita digrii 30. ACOREP na divisheni za afya za majimbo zinapaswa kuanzia hapo: kukagua depo na farmasi, kuuliza dawa imetoka wapi na imelala wapi, na kuondoa sokoni unga wowote wa artemisia unaouzwa kwa jina la dawa ya malaria.