Mimi si Nusu Daktari

Wasee, hii stori ya "nusu daktari" iishe leo.

Nasomea digrii ya utabibu. Miaka 4 darasani na wodini, kisha mwaka 1 wa intanship. Nitakuwa afisa wa kliniki, CO. Majuzi kwa harusi, anko akaniuliza mbele ya watu: "Kwani alama za udaktari zilikataa?" Wakacheka. Nikacheka pia, lakini iliniuma.

Sasa niulize. Ule usiku ulipelekwa kituo cha afya na malaria, nani alikupima akakuandikia dawa? Uwezekano mkubwa ni CO. Wapo waliosomea macho zaidi, wanatoa mtoto wa jicho. Wapo wanaolaza mgonjwa usingizi kabla apasuliwe. Na 2024 walipogoma miezi 3, wagonjwa wangapi walirudi nyumbani bila kuonwa?

Sijiiti daktari. Daktari amesoma miaka 6, na kuna kesi lazima nimpelekee yeye. Lakini kujua mwisho wa kazi yako si unusu. Hiyo ndiyo inaokoa mgonjwa.

Shida ya hilo jina ni hii: mkituita nusu, hata tukilipwa nusu mnaona ni sawa. Tukilia kandarasi za muda, mnasema tushukuru tuna kazi. Mzaha wenu unawasaidia mabosi.

Mtumie anko wako hii. Na wangu, ukiugua saa nane usiku, njoo tu. Nitakutibu kamili.