Vichakataji Vingi na Ulinganishaji wa Lugha za Singida

Nurse na Philippson walipochapisha mwaka 1980 tathmini yao ya kitakwimu ya msamiati wa lugha za Kibantu za Afrika Mashariki, kompyuta ilikuwa kifaa adimu. Leo kompyuta ndogo ya mwanafunzi wa uzamili ina vichakataji vinne au vinane, na lugha ya programu iitwayo R imekuja na zana za ukokotoaji sambamba tangu mwaka 2011. Kutokana na hali hiyo, baadhi ya watafiti wameanza kudhani kwamba kilichokuwa kikikwamisha isimu linganishi ni uhaba wa kasi. Dhana hiyo haina mashiko, na mkoa wa Singida unatosha kuionyesha.

Ikichukuliwa orodha ya maneno 400 kwa lugha tano, yaani Kinyaturu, Kinyiramba, Kidatooga, Kiiraqw na Kihadza, zitapatikana jozi 10 za lugha na ulinganisho 4,000 tu. Kazi hiyo haihitaji kugawanywa. Kwa lugha 100 zipo jozi 4,950, na ulinganisho hukaribia milioni mbili. Mtafiti akichota sampuli upya mara 1,000 ili apime uthabiti wa matokeo yake, hesabu hufikia takriban bilioni mbili. Hapo ndipo mgawanyo wa kazi unapofaa, kwa kuwa kila sampuli hujitegemea. (Yafaa hata hivyo kila kichakataji kipewe mfuatano wake wa namba nasibu, vinginevyo vyote vyaweza kurudia sampuli ileile, na uthabiti utakaoonekana utakuwa wa bandia.)

Kazi nyingine hazigawanyiki hivyo. Katika mbinu za Kibayes, kama zile walizotumia Grollemund na wenzake (2015) kwa takriban lugha 400, kila hatua ya mnyororo hutegemea hatua iliyotangulia. Minyororo kadhaa yaweza kuendeshwa kwa pamoja, lakini kila mmoja sharti upite njia yake yote. Amdahl alikwisha kulieleza jambo hili mwaka 1967: ikiwa sehemu moja ya kumi ya kazi haigawanyiki, hata vichakataji elfu haviwezi kuharakisha kazi nzima zaidi ya mara kumi.

Lililo zito zaidi ni la kinadharia. Mti wa nasaba huchukulia kwamba lugha mbili zikishaachana, kila moja huenda zake. Singida haiendi hivyo. Hapo Wabantu, Waniloti na Wakushi wameishi jirani na Wahadza, ambao lugha yao haijathibitishwa kuwa na nasaba na nyingine yoyote. Kießling, Mous na Nurse (2008) wameonyesha kwamba lugha za eneo hili la Bonde la Ufa zimeambukizana sifa za kisarufi na kimsamiati. Modeli inayozingatia ukopaji huo hulazimu kila jozi itazamwe kwa kurejelea jozi nyingine; vichakataji hulazimika kupashana habari na kungojeana, na faida ya wingi wao hupungua. Kishawishi basi ni kuchagua modeli ya mti kwa sababu tu inaenda haraka. Hapo mashine inakuwa imeamua swali ambalo mwanaisimu alipaswa kuliamua.

Fedha chache zilizopo zingefaa zitumike kwanza kukusanya na kusahihisha orodha za maneno. Kinyaturu kina irabu saba, na orodha iliyoandikwa kwa tahajia ya Kiswahili yenye irabu tano tayari imefuta tofauti ambazo hakuna programu itakayozirejesha. Kihadza, chenye wasemaji takriban elfu moja, kina vidoko ambavyo waandishi mbalimbali wamevitolea alama mbalimbali. Kabla ya mtu mwenye sikio kuketi na wazungumzaji wa Mkalama na kuzioanisha alama hizo, kompyuta itaendelea kulihesabu neno moja kuwa mawili.