Afya ya Mama: Mazoezi Baada ya Ugonjwa wa Siliaki



Mama mmoja wa ushirika wetu alikonda, akaharisha muda mrefu, na damu yake ikawa pungufu kila alipopimwa. Majirani walisema mengi. Mwishowe hospitali iligundua ana siliaki. Ngano, shayiri na rai zina protini iitwayo gluteni. Mwenye ugonjwa huu akila, mwili wake hushambulia utumbo wake mwembamba. Utumbo ukiumia, madini ya chuma na kalsiamu hayafyonzwi vizuri. Ndiyo maana damu hupungua na mifupa hudhoofika.

Tiba ni kuacha gluteni maisha yote. Mama yule aliacha mkate, chapati na maandazi, akala ugali wa mahindi, wali, ndizi na maharage. Baada ya wiki tatu akajiona mzima, akapandisha ndoo ya maji mlimani. Akaanguka njiani. Sisi tuliokuwa tukimtembelea tulijilaumu, kwani tulimfundisha chakula, tukasahau kazi na mazoezi.

Utumbo wa mtu mzima huweza kuchukua miezi mingi, hata kupita mwaka, kupona. Basi tufuate haya:

1. Pima damu kwanza. Ukipata kizunguzungu, au moyo kwenda mbio kwa kazi ndogo, pumzika na umwone daktari.

2. Anza kutembea dakika 10 mahali tambarare, ukiongeza kidogo kila wiki. Lengo la mtu mzima mwenye afya ni dakika 150 kwa wiki, usilikimbilie.

3. Nguvu zikirudi, keti na kuinuka kitini mara 10, kisha panda ngazi. Hayo huimarisha misuli na mifupa. Mizigo mizito ingoje ruhusa ya daktari.

4. Mazoezi hayaondoi madhara ya gluteni. Angalia mafuta yaliyokaangia maandazi na mashine inayosaga ngano. Hata mkate wa Meza ya Bwana ni wa ngano. Zungumza na mchungaji mapema.

Leo mama huyo hutembea nasi Jumamosi kuwaona wagonjwa. Ndoo hubebwa na mumewe na kijana wao. Mwanzoni watu walicheka, sasa wamezoea.

Mama mwenzetu akichoka kila siku, tusimwite mvivu. Tumsindikize akapimwe, naye asiache ngano kabla ya kipimo, maana ugonjwa unaweza kujificha.