Kujitolea Kuna Wenyewe

Jioni moja pale Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Zanzibar, kijana anayetembeza wageni alikaa kando yangu barazani na kuniuliza. "Shikamoo, mzee. Nina mgeni wangu kutoka Ulaya. Anataka alipe, akajitolee wiki mbili mahali wanapolelewa kima waliookolewa. Awalishe kwa chupa, awabebe. Unapajua?"

Nikamwambia kwamba kwa kima punju pahala kama hapo hapapo, wala haifai pawepo. Akanitazama kama niliyemnyima mtu sadaka. "Lakini mzee, si anataka kusaidia? Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Usemi huo nimeusikia tangu utotoni na naupenda. Lakini siku hizi tumeufanya kibali cha kila kitu. Umezaa imani ambayo nataka kuipinga leo bila kuficha: kwamba anayetoka mbali, akalipa, akamkumbatia mnyama, huyo ndiye mwokozi wa mnyama. Wageni wanaiamini kwa sababu ya picha walizoziona. Sisi tunaiamini kwa sababu ina fedha. Anayelipia makosa yetu sote ni mnyama.

Kima punju ni wa kwetu. Duniani kote hapatikani kwa asili ila Unguja na visiwa vidogo vya jirani kama Uzi. Wanaomwona Pemba, katika msitu wa Ngezi, wanaona kizazi cha wachache waliohamishiwa huko katika miaka ya 1970. Wataalamu walimpa jina la John Kirk, balozi wa Uingereza aliyekaa hapa Mjini karne ya 19, ilhali wazee wetu walikwisha kumwita punju, yaani sumu, wakiamini kwamba ana uchawi na kwamba mti anaoula hufa. Walimwogopa, wakakaa naye mbali. Uvumi ule haukuwa wa haki, lakini angalau haukumtoa porini.

Mnyama huyu amejengwa kwa majani. Tumbo lake lina vyumba, na ndani yake vijidudu huchachusha majani machanga na matunda mabichi kabla hayajawa chakula. Ndizi mbivu ambayo mgeni angempa kwa huruma huchafua uchachushaji huo na inaweza kumdhuru. Hata majani ya mwembe na mkungu, ambayo anayapenda, yana kemikali zinazomsumbua, ndiyo maana kima wanaoishi karibu na mashamba ya pembezoni mwa msitu wa Jozani huokota mkaa na kuutafuna, kwani mkaa hunyonya sumu hizo. Mtoto hujifunza hayo kwa kumtazama mama yake. Hakuna mfanyakazi wa wiki mbili anayeweza kumfundisha.

Ndiyo sababu kolobasi wekundu, jamii anayotoka punju, ni maarufu kwa kutoishi wakifungiwa. Wengi hudhoofika na kufa. Kwa hiyo anayekuambia ana kituo cha kulelea kima punju ili wageni wawabebe, amekuambia kwamba ana mahali pa kuwaulia.

Tena tujiulize alivyopatikana huyo mtoto wa kima wa kunyonyeshwa chupa. Mtoto wa kima habanduki kifuani kwa mama yake kwa hiari. Ama mama amegongwa na gari, ama ameuawa na mbwa, ama mtu amemwangusha mtini. Mahali ambapo mgeni yuko tayari kulipa ili ambebe mtoto, huzuka mtu aliye tayari kumpatia mtoto. Nimemwona pwani ya kaskazini kijana mwenye komba begani, mnyama wa usiku, macho yake makubwa yamefumba nusu kwenye jua la saa sita, watu wanapanga foleni ya picha. Kila mmoja wao alikuwa akisema anawapenda wanyama. Januari 2021 wataalamu wa nyani wa shirika la uhifadhi la kimataifa, IUCN, walitoa mwongozo wa picha unaowataka hata watafiti wasionyeshwe wakiwa wamemshika mnyama, maana picha moja huamsha hamu ya watu wengi.

Kuna na maradhi. Kima ni jamaa yetu, mafua yetu ni mafua yake, ila kinga yetu si yake. Mwaka 1966, kule Gombe, Tanzania bara, ambako mtafiti wa sokwe Jane Goodall alianza kazi mwaka 1960, sokwe walipooza na wengine wakafa kwa ugonjwa wa polio ulioaminika kuwa umetoka kwa binadamu. Mwaka 2013, katika msitu wa Kibale nchini Uganda, sokwe watano wa kundi moja walikufa kwa kirusi ambacho kwa mtoto wa binadamu ni kikohozi na kamasi. Sasa mfikirie mgeni aliyeshuka kwenye ndege juzi, anapiga chafya, na mtoto wa kima yuko kifuani mwake.

Basi kima punju aliokolewa na nani?

Nenda Pete, nenda Kitogani, nenda Charawe na Ukongoroni. Katika miaka ya 1990 wakulima wa pembezoni mwa Jozani walikuwa na hasira ya haki. Kima walishuka mashambani, wakala majani ya miembe na mikungu, wakapanda minazi na kuangusha vidaka. Anayelima anajua kwamba kidaka kilichoanguka leo ni kitale, dafu na nazi ambazo hatazipata. Watafiti Kirstin Siex na Thomas Struhsaker walipokuja kuhesabu, waligundua jambo ambalo hakuna aliyelitazamia: minazi iliyoliwa vidaka zaidi haikuvunwa nazi chache. Huenda ulaji ule ulikuwa kama kuupunguzia mti mzigo. Lakini mkulima hakuvumilia kwa kuwa amesoma utafiti. Alivumilia kwanza, miaka na miaka, huku mti ni wake na mnyama si wake.

Wakulima hao wakajiunga, wakaunda UWEMAJO, Umoja wa Wenye Mashamba Jozani, wakadai sehemu ya kiingilio kinacholipwa na watalii. Wakaipata, na vijiji navyo vikapata fungu lake kwa ajili ya skuli, zahanati na maji. Ikaja Sheria Na. 10 ya mwaka 1996 ya misitu ya Zanzibar. Mwaka 2004 Jozani na Ghuba ya Chwaka zikawa hifadhi ya taifa, ya kwanza Zanzibar. Barabara ya kusini ilipowekwa lami, magari yalikuwa yakiua kima mmoja kila wiki mbili tatu. Yakawekwa matuta manne pale Jozani, na vifo vikapungua hadi kima mmoja kila wiki sita hivi. Matuta hayo yameokoa watoto wa kima wengi kuliko chupa yoyote ya maziwa.

Na matokeo? Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba kima punju hawafiki hata 2,000 au wanazidi kidogo tu. Sensa iliyoongozwa na Tim Davenport, wakati huo wa shirika la uhifadhi la WCS, iliyotangazwa mwaka 2017, ilipata zaidi ya 5,800. Hao wote wako mitini, hakuna hata mmoja aliyebebwa.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kujitolea ni kutoa kilicho chako ukabaki umepungukiwa. Mgeni wa wiki mbili analipa, kisha anarudi kwao na picha, na hadithi, na sifa katika karatasi zake za kuombea kazi. Amenunua, na kununua si dhambi, lakini tukiite kitendo hicho kwa jina lake. Mkulima wa Pete aliyemwacha kima mtini mwake akala vidaka, huyo ametoa. Hakupewa cheti wala hakupigwa picha. Neno hili, kujitolea, ni lake, nasi tumelichukua mdomoni mwake tukamkabidhi mtu aliyelipa kwa kadi.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa wapo watu wa kujitolea wanaofaa, na ni kweli. Nenda Diani, pwani ya kusini ya Kenya. Kuna shirika la kuhifadhi mbega lililoanzishwa mwaka 1997, na watu kutoka nje huja kufanya kazi nalo. Kinachonifurahisha ni aina ya kazi: kupogoa matawi yanayogusa nyaya za umeme, kutegua mitego, kufunga madaraja ya kamba na ngazi juu ya barabara ili mbega wavuke bila kushuka lami. Kazi ya jasho, mikono iko kwenye waya na kamba. Daktari wa mifugo akija mwezi mzima kumsomesha mwenzake wa hapa, namkaribisha kwa mikono miwili. Kipimo changu ni chepesi: akiondoka, mnyama yuko mbali zaidi na binadamu au karibu zaidi? Mnyama akibaki amezoea kubebwa, basi kazi hiyo haikuwa kwa ajili yake.

Nitaambiwa pia kwamba fedha ni fedha. Lakini fedha ya kiingilio cha Jozani ina njia inayojulikana hadi kijijini. Fedha ya kumshika mnyama huishia kwa aliyemfunga kamba, na inamfundisha kijana kwamba kima wa kamba ana thamani kuliko kima wa msituni. Tukishafika hapo, tumefunga hesabu ya kisiwa hiki, kwa maana msitu unakatwa kwa kuni na viwanja vya nyumba kila siku, na pasipo mwanakijiji mwenye sababu ya kuulinda, hakuna mgeni atakayeulinda kwa niaba yake.

Kwa hiyo nawaomba wanaotembeza wageni: msiuze mkono juu ya mnyama. Na nawaomba wenye mamlaka wamchukulie mwenye komba wa picha pwani kama mvunja sheria, wasimwite mjasiriamali.

Yule kijana nilimwambia: mpeleke mgeni wako Jozani asubuhi, akate tiketi, akae kimya chini ya mikungu. Kisha umvushe barabara, umwonyeshe mnazi wenye kima juu na vidaka vilivyotapakaa chini, na umwambie ni wa nani. Akitaka kujua maana ya kujitolea, mwenye shamba yupo hapo, amsalimie.